Marehemu Sokoine na Uvumi wa Dakawa

Wasomaji wa riwaya za upelelezi ni wengi katika nchi yetu, wala si jambo la kuonea haya. Tangu Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na hasa tangu Elvis Musiba alipomleta jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mfanyakazi wa kiwandani na karani wa ofisini wamejifunza katika vitabu hivyo kwamba hapana kifo cha bure. Mkubwa akifa barabarani, msomaji ajua mara moja kwamba yupo mtu aliyelipwa, na nyuma ya mtu huyo yupo tajiri aliyemlipa, na nyuma ya tajiri yupo bwana aliyekaa katika ofisi ya Serikali, mwenye muhuri na simu, ambaye ndiye mwenye njama. Musiba kitabu chake kimoja, kilichotoka mwaka 1981, alikiita kwa jina hilo hilo: Njama.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu wa Tanzania alikufa barabarani. Alikuwa akitoka Dodoma, na gari lake lilikuwa limekwisha kuingia katika tambarare ya Mto Wami, mahali paitwapo Dakawa, ambapo msafiri aelekeaye Morogoro huanza kuiona milima ya Uluguru mbele yake. Wananchi walikisoma kifo kile kama walivyozoea kusoma vitabu vyao. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na hata leo ukiketi mkahawani Msamvu ukataja jina la Sokoine, hutakosa mzee mmoja atakayeinama na kukunong'oneza.

Twapenda kueleza maisha ya marehemu Edward Moringe Sokoine kwa utaratibu, tukitenga lililojulikana na lililodhaniwa. Tutaona kwamba si kifo chake tu kilichofanana na riwaya zile. Mwaka wake wa mwisho kazini ulifanana nazo zaidi, na ndani ya mwaka ule mna swali ambalo wanong'onaji hawapendi kuulizwa.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 katika nchi ya Wamasai, Monduli, mkoani Arusha. Alisoma shule ya huko huko, kisha akaenda Umbwe, Kilimanjaro. Aliingia TANU mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akapelekwa Ujerumani ya Magharibi kujifunza kazi ya utawala, na aliporudi akawa Afisa Mtendaji katika wilaya yao ya Masai. Mwaka 1965 wananchi wa huko walimchagua kuwa mbunge. Baada ya hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine: Naibu Waziri wa Mawasiliano, Usafirishaji na Kazi mwaka 1967, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais mwaka 1970, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972. Mwezi Februari 1977, akiwa na umri wa miaka 38, Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu.

Miaka ile mitatu ya kwanza hatutaieleza kwa kirefu. Yatosha kusema kwamba ilikuwa miaka mibaya, na kila ubaya uliokuja ulifika mezani pake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka ule ule aliposhika kazi. Majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera mwezi Oktoba 1978, nasi tukalazimika kupigana hadi Kampala, vita ambayo gharama yake yakadiriwa kuwa dola milioni 500 hivi, fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979, na bei ya kahawa yetu ikashuka. Mwezi Novemba 1980 Ndugu Sokoine aliacha uwaziri mkuu kwa sababu ya afya yake, na mahali pake pakachukuliwa na Ndugu Cleopa Msuya.

Alipokuwa nje ya kazi ile, nchi iliingia katika njaa ya vitu. Vijana wa leo, waonao sabuni imepangwa dukani kama matofali, hawawezi kufahamu jambo hili mpaka waelezwe na wazazi wao. Mfanyakazi wa Morogoro mwaka 1982 alipokea mshahara wake, akaenda dukani, akakuta rafu tupu. Hapakuwa na sabuni, wala sukari, wala chumvi, wala khanga, wala betri za tochi. Ilisemekana lori la Kampuni ya Biashara ya Mkoa limeleta mafuta ya kula, basi watu wakapanga foleni tangu alfajiri, wengine wakaweka jiwe au kikapu kushika nafasi, na saa nne wakaambiwa yamekwisha. Lakini jioni, kwa mlango wa nyuma, mafuta yale yale yalipatikana kwa bei mara tatu au nne. Huo ndio uliokuwa ulanguzi.

Katika hali ile kila mtu akawa mpelelezi. Watu walijua nyumba ipi ilipokea magunia usiku. Walijua mkurugenzi yupi alitoa kibali kwa shemeji yake. Walijua, au walidhani kwamba wajua. Mtu mwenye njaa akiona mwenziwe ameshiba huwa hahitaji ushahidi mwingine.

Mwaka 1983 ulianza kwa njama ya kweli. Mwezi Januari Serikali iliwakamata watu kadhaa, wanajeshi na raia, kwa tuhuma ya kutaka kuipindua. Mmoja wao aliuawa kwa risasi mjini Dar es Salaam wakati wa kukamatwa. Mwezi Juni wawili miongoni mwa washitakiwa walitoroka katika gereza la Keko wakakimbilia Kenya, na baadaye mwaka ule walirudishwa, huku Tanzania ikiwarudisha Kenya wanajeshi wa anga waliokuwa wamekimbilia kwetu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kesi ilisikilizwa mbele ya Mahakama Kuu, mashahidi wakahojiwa, mawakili wakabisha, na mwishoni mwa mwaka 1985 watu tisa wakahukumiwa kifungo cha maisha, na wengine wakaachiwa. Twaomba msomaji akumbuke kesi hii, kwa kuwa ilikwenda polepole, na kwa kuwa wapo walioachiwa.

Katika mwezi uliofuata kukamatwa kule, yaani Februari 1983, Ndugu Sokoine alirudishwa katika uwaziri mkuu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Machi, ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi.

Waliokuwa watu wazima siku zile hawajaisahau. Polisi, mgambo na makada wa Chama waliingia maghalani na majumbani. Mablanketi yalitolewa darini, sabuni ikafukuliwa uani, noti zikakutwa ndani ya magodoro. Wenye mali walipopata habari kabla ya kufikiwa waliitupa usiku, ikaokotwa asubuhi porini na kandokando ya barabara, mali isiyo na mwenyewe. Maduka ambayo jana yalikuwa matupu yalifunguliwa yakiwa yamejaa, na bei ikawa ile ya Serikali. Katika wiki chache zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamekamatwa, na idadi iliendelea kupanda. Miongoni mwao walikuwamo wafanya biashara wakubwa, na pia mameneja wa mashirika ya umma na watumishi wa Serikali, jambo ambalo lilimpendeza mfanyakazi kuliko lote. Aliyezoea kusimama foleni aliona kwamba safari hii sheria imepanda ngazi za ghorofa.

Hapo ndipo jina la Sokoine lilipopendwa. Huyu alikuwa mtu mkimya wa sura, mwenye kuvaa kwa unyenyekevu, asiyesifiwa kwa anasa yoyote, naye akasimama kupambana na wenye mali na wenye vyeo kwa pamoja. Katika riwaya za upelelezi huwa mna mtu kama huyo, mmoja tu, ambaye hanunuliki. Umma ulimwona yeye kuwa ndiye, na umma haukukosea juu ya uaminifu wake.

Lakini hatuna budi kuieleza na sheria. Wengi waliokamatwa walikamatwa kwanza, na sheria ya kuwahukumu ikatungwa baadaye. Bunge lilipitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983, nayo ikaandikwa kwamba itahesabiwa kuwa imeanza kazi tangu tarehe 25 Machi, siku ya msako. Iliunda Baraza la Taifa la kusikiliza kesi hizo, lenye jaji na wajumbe wasio wanasheria. Mshitakiwa hakuwa na dhamana. Hakuwa na ruhusa ya kuwa na wakili. Akishindwa hakuwa na mahali pa kukata rufani. Aliyekutwa na mali ndiye aliyetakiwa kueleza ameipata vipi, wala si mwenye kumshitaki. Matajiri waliostahili kushitakiwa walishikwa na sheria hiyo, lakini ilimshika vile vile mama mwenye duka la mtaani aliyeficha katoni chache za sabuni kwa kuogopa kwamba mwezi ujao hazitapatikana. Wengine walikaa rumande miezi mingi bila kusikilizwa, na wanasheria wakalalamika.

Wapo wasemao kwamba vita ni vita. Sisi twaona ilikuwa hatari kubwa. Waliozipiga makofi habari za kukamatwa walikuwa na haki ya kufurahi kwamba bidhaa zimetoka mafichoni. Hawakuwa na njia ya kujua ni nani kati ya wale elfu na zaidi aliyekuwa mwizi hasa, na nani aliyekuwa na jirani mwenye chuki, kwa sababu mlango wa kulijua hilo, yaani mahakama yenye wakili na rufani, ulikuwa umefungwa makusudi.

Kadhalika mwaka ule ule ilitoka Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kazi ya kueleweka walizolewa mitaani Dar es Salaam na miji mingine wakapelekwa vijijini walime. Bila shaka nia ilikuwa njema, maana chakula hakikuwapo. Wengi wao walirudi mjini, wengine kabla ya mvua kwisha.

Lipo jambo jingine la mwaka huo ambalo masimulizi ya mkahawani hulisahau, nalo kwetu ndilo linaloonyesha akili ya marehemu. Baada ya miezi michache ya msako, maduka yalianza kuwa matupu tena. Mali iliyofichwa ilikuwa imekwisha kuuzwa, na mali mpya haikuwa imetengenezwa. Mtu asiye makini angesema kwamba wahujumu wamebaki, tuongeze msako. Ndugu Sokoine hakuishia hapo. Mwezi Juni 1983 Serikali ilipunguza thamani ya shilingi. Ikatoa siasa mpya ya kilimo. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa vimevunjwa mwaka 1976, vikaanza kurudishwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1982. Na katika mji wa Dar es Salaam, ambako mabasi ya shirika la UDA hayakutosha, watu binafsi wakaruhusiwa kupakia abiria kwa nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo wenyeji wa mji waliiita dala. Na magari hayo mpaka leo twayaita daladala. Ajabu ya mambo ni kwamba mwenye gari la abiria, ambaye mwezi Machi angeweza kuitwa mlanguzi wa usafiri, kabla ya mwaka kwisha alikuwa na leseni.

Kwa nini maduka yalikuwa matupu? Wenyeji wa Morogoro walikuwa na mfano wa jibu mbele ya macho yao. Penye mji huo Serikali ilikuwa imejenga kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikusudiwe kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Kilijengwa kwa kuta zisizopitisha hewa, kana kwamba jua la Morogoro ni jua la nchi za baridi. Mashine ziliharibika, vipuri havikuja, na kiwanda hakikupata kufikia hata asilimia tano ya uwezo wake. Hapakuwa na mlanguzi aliyekwenda usiku kukitia mkono. Waliokipanga walikuwa watu wenye shahada, waliotia sahihi mchana, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama mbele ya Baraza la wahujumu. Hasara ya namna hii haina nafasi katika riwaya ya upelelezi, maana mpelelezi angemkamata nani?

Tufike sasa kwenye safari yenyewe. Mwezi Aprili 1984 Bunge lilikuwa limekutana Dodoma. Alhamisi tarehe 12 Waziri Mkuu aliondoka huko kwa gari kurudi Dar es Salaam, akifuatana na msafara wake. Barabara hiyo yateremka kutoka nchi kavu ya Ugogo, yapita Gairo, kisha yaingia katika bonde, na kutoka Dakawa mpaka Morogoro mjini husalia kilomita arobaini na kitu. Hapo Dakawa gari jingine, Toyota Land Cruiser, lililokuwa likija kutoka upande wa pili, liligongana na gari la Waziri Mkuu, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 45. Jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema katika redio, akawaambia wananchi kwamba Waziri Mkuu wao amekufa katika ajali ya gari. Waliokuwapo husimulia jinsi watu walivyotoka nje wakasimama tu barazani bila kusema. Alizikwa kwao Monduli Juu, na kabla ya mwezi kwisha Ndugu Salim Ahmed Salim akateuliwa kushika nafasi yake.

Aliyeendesha Land Cruiser lile alikuwa kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC. Alikamatwa akashitakiwa. Na kwa kuwa hapa ndipo uvumi ulipopata mizizi, yafaa tueleze jinsi Mwafrika Kusini alivyofika Dakawa, isije ikaonekana kana kwamba aliangushwa pale kutoka mbinguni kwa ajili ya siku ile moja.

Morogoro ulikuwa mji wa wapigania uhuru kwa miaka mingi. ANC ilikuwa na makao yake pale tangu miaka ya sitini, na ni hapo ilipofanya mkutano wake mashuhuri mwezi Aprili 1969. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, karibu na mji, wakajenga shule ambayo baadaye iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Shule ilipojaa walipewa ardhi nyingine Dakawa, mwaka 1982. Magari yao yalipita barabara ile kila siku yakibeba wanafunzi, saruji na mboga. Kuliona gari la ANC Dakawa kulikuwa kama kuliona gari la mkonge Kilosa.

Uvumi ulianza kabla ya maiti kufika Monduli. Wako waliosema kwamba wahujumu waliofilisiwa wamelipiza kisasi. Wako waliosema ni wakubwa ndani ya Serikali, walioogopa kwamba Mwalimu atastaafu mwaka 1985 na kumwachia Sokoine nchi. Na ni kweli kwamba wengi walimtazamia yeye. Wako waliosema ni makaburu. Kila msimuliaji alikuwa na risasi yake, au sumu yake, au gari la tatu lililotoweka. Sisi tumezisikia habari hizo kwa miaka mingi, na twasema wazi kwamba hatujapata kuona ushahidi wowote uliowekwa hadharani unaoonyesha kwamba ajali ile ilipangwa.

Hata hivyo si haki kuwacheka waliotilia shaka. Watu wa Uluguru, kwa mfano, hawakuanza mwaka 1984 kuuliza kama Serikali yasema kweli. Mwaka 1955 wakoloni waliwaambia kwamba kukata matuta ya ngazi milimani ni kwa faida yao, nao wakakataa kwa nguvu hata mradi ukavunjika, na matokeo yakaonyesha kwamba wao ndio waliokuwa na akili ya udongo wao. Tena miaka ile mauaji ya siri yalikuwa jambo la kweli kabisa katika upande huu wa Afrika. Ruth First aliuawa Maputo kwa bomu lililotiwa katika barua, tarehe 17 Agosti 1982. Na tarehe 16 Machi 1984, wiki nne tu kabla ya ajali ya Dakawa, Msumbiji ilitia sahihi na Afrika Kusini mkataba wa Nkomati, ambao uliwafanya wapigania uhuru wajione wamefungiwa mlango. Mtu aliyesema katika mwezi ule kwamba mkono wa kaburu ni mrefu hakuwa mjinga.

Lakini njama ya kweli ina alama zake, nasi Tanzania tumepata kuziona. Tarehe 3 Februari 1969 Dakta Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam alipofungua kifurushi cha kitabu. Polisi hawakutosheka kusema kwamba Wareno wamemwua, ijapokuwa kila mtu alilisema hilo. Walikusanya vipande, wakakuta betri, wakazifuatilia betri zile kwa msaada wa polisi wa kimataifa mpaka wakajua kwamba ziliuzwa katika duka moja la Lourenço Marques, mji wa Msumbiji uliokuwa bado mikononi mwa Wareno. Kazi ile haikumaliza maswali yote, lakini ilileta kitu ambacho mtu aweza kukishika mkononi. Katika habari ya Dakawa zaidi ya miaka arobaini ya kunong'ona haijaleta betri hata moja.

Basi twawauliza wanong'onaji swali tulilolitaja mwanzo. Yule kijana wa Land Cruiser, ambaye wengi wamekwisha kumhukumu kuwa muuaji wa kukodiwa, amehukumiwa kwa ushahidi gani? Kwa kuwa alikuwapo. Kwa kuwa alikuwa mgeni. Kwa kuwa kifo kile kiliwafaa wengine. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliomshika mama mwenye katoni za sabuni mwaka 1983, na wengi wetu tuliona watosha. Twampenda Sokoine kwa kuwa hakuwaonea aibu wakubwa, na tuko sawa kumpenda. Lakini silaha aliyoishika mkononi mwaka ule ilikuwa ni kuamini kwamba anayetuhumiwa amekwisha kupatikana na hatia, na alipokufa silaha hiyo ilibaki mikononi mwa umma, ikatumiwa kumtafutia yeye mwenyewe muuaji.

Kumfanya awe mtu aliyeuawa katika riwaya kuna hasara nyingine, nayo yatuuma zaidi. Mtu akisimulia Sokoine leo husimulia dakika chache za Dakawa. Hasimulii ushirika uliorudishwa, wala daladala, wala siasa ya kilimo, wala hasimulii makosa yake, ambayo kiongozi mkubwa kama yeye anastahili yakumbukwe kwa heshima pamoja na mema yake. Mwaka mzima na zaidi wa kazi ngumu umefunikwa na mgongano mmoja wa magari.

Mambo mawili yalifuata upesi baada ya mazishi. Chuo cha kilimo kilichokuwapo Morogoro tangu mwaka 1965, chini ya milima ya Uluguru, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifanywa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1984, kikaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Aliyetaka nchi ilime alipata jina lake mahali panapofundishwa kulima, na mabasi ya wanafunzi hupita mbele ya lango lile hadi leo.

La pili halikutangazwa kwa ngoma. Mwaka ule ule wa 1984 Bunge lilitunga Sheria ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa, ikaiondoa ile ya mwaka 1983 pamoja na Baraza lake. Kesi za uhujumu zikapelekwa Mahakama Kuu. Mshitakiwa akaruhusiwa kuwa na wakili, na akishindwa akaruhusiwa kukata rufani. Mwaka huo huo orodha ya haki za raia ikatiwa katika Katiba kwa mara ya kwanza. Wale waliokuwa bado rumande tangu msako wa Machi walianza kuitwa mmoja mmoja, na mbele ya jaji mwenye kushitaki akaulizwa kwanza: shahidi wako yuko wapi?